Fundi wa Mahema

Mahema hunijia yamekunjwa vibaya,
kama barua iliyorudishwa bahashani kwa hasira.
Semboja huyabwaga mlangoni, Barabara ya Kumi,
gari hazimi, honi mara mbili:
"Fundi! Nayataka Ijumaa!"
Na kwa Semboja kila siku ni Ijumaa.

Mbugani sijawahi kufika.
Lakini nipe hema nilikung'ute,
nitakwambia lilikolala.

Hili lilikuwa Mkomazi: vumbi jekundu
limeingia hadi katikati ya meno ya zipu,
na mwiba wa mgunga, mweupe,
umenasa pindoni, umekataa kurudi kwao.

Hili lilikuwa Amani. Linanuka ukungu na majani ya chai,
kuvu imejichorea ramani darini.
Nilikuta humo konokono, mzima wa afya,
nikamweka kwenye kopo la mrehani.
Akakaa siku nne. Ya tano akahama, hakuaga.

Na hili lililochanika futi nzima ubavuni,
Saadani. Semboja anaapa ni ndovu.
Nikapitisha kidole: ukingo umenyooka, safi.
Ndovu hana kisu cha mkate, Semboja.
Akacheka, akaongeza elfu tatu.

La Ushongo nalijua kabla sijalifungua.
Mchanga. Mchanga kwenye pindo, kwenye mfuko wa tochi,
mchanga unaohamia ndani ya cherehani
ikasaga wiki mbili kama mtoto anayetafuna barafu.
Humo huokota vitu vya watu: kijiko,
kibanio cha nywele, ree ya kopa,
na siku moja kipande cha karatasi, mwandiko wa haraka:
*Leo sikufanya kitu. Kesho vilevile.*

Nikakisoma mara tatu.
Mtu apande gari, avuke kwa pantoni, alipe,
ili asifanye kitu?
Nikakikunja, nikakisukuma chini ya mguu wa meza
uliokuwa ukicheza tangu Mfungo Tatu.
Meza ikatulia.

Deni la Semboja lilipofika elfu tisini
akaja kwa miguu, bila honi.
"Pesa sina, fundi. Ila Jumamosi hema moja liko tupu."

Basi nikaenda. Mimi, binti yangu Mwanaidi,
sufuria ya mihogo ya nazi iliyofungwa kwa kanga,
na sindano kwenye ukosi, maana mkono haujui likizo.
Pangani tukavuka. Ushongo tukapewa kivuli cha mvinje,
vigingi vinane, kimoja kimepinda.

Usiku sikulala. Nilikuwa nasoma dari kwa vidole:
hapa nilishona nimefunga, usingizi umenishika, mshono umekwenda upande;
hapa uzi wa kaki uliniishia, nikatia wa kijani,
nikajiambia nani atalala akitazama juu.

Saa nane mvua ikaja, haikupiga hodi.
Tone la kwanza likanipata katikati ya paji.
Nikangoja. La pili, palepale.
"Mama," Mwanaidi akanong'ona, "linavuja."
"Najua. Ni langu."
Tukaanza kucheka, tukaziba midomo kwa shuka,
mpaka jirani wa hema la pili akakohoa kwa adabu.

Asubuhi mchanga ulikuwa na alama
pana, kama tairi la trekta lililotoka majini,
likapanda hadi kwenye majani, likarudi.
"Kasa," akasema kijana wa kambi, akachomeka vijiti vinne kuzunguka shimo.
Usiku kucha tulicheka
na mwenzetu alikuwa kazini hatua ishirini tu.

Jumapili sikufanya kitu.
Niliijaribu kazi hiyo, nikaona ni ngumu saa ya kwanza,
halafu mkono ukazoea.

Jumanne Semboja akabwaga mahema sita.
Moja nililijua kwa uzi wake wa kijani.
Nikachukua nta, nikapaka mshono taratibu, nje na ndani.
Mchanga sikukung'uta.